Bidhaa za kupima zina soko, kinachokosekana ni mizani

Duka la mtaani hufanya biashara yake kubwa mara mbili kwa siku: asubuhi kabla ya saa moja na nusu, na jioni watu wakirudi kazini. Asubuhi wateja wengi ni watoto waliotumwa.

"Shikamoo Mangi. Mama anataka sukari ya mia tano, majani ya chai ya mia na mafuta ya kula ya mia tano."

Mangi anaitikia, anachota, anafunga, anapokea sarafu. Haipiti dakika mbili mtoto ameondoka na vitu vitatu ndani ya plastiki tatu. Kabla chai haijaiva, plastiki zote tatu zimeshafika kwenye ndoo ya taka, au mtaroni nyuma ya nyumba.

Tufanye hesabu ya haraka. Sensa ya mwaka 2022 ilihesabu watu 5,383,728 katika Mkoa wa Dar es Salaam. Tukichukulia kwamba kila nyumba ina watu wanne, tunapata nyumba zaidi ya milioni 1.3. Kila nyumba ikitupa vifuko vitatu tu kwa siku, ni vifuko kama milioni 4 kila siku ya Mungu, kabla hatujagusa chupa za maji na makasha.

Kila kifuko kati ya hivyo kimenunuliwa, na mtu fulani amekilipia. Safu hii leo inauliza ni nani anayelipa, na kama mfanyabiashara mdogo anaweza kupata faida kwa kuuza bidhaa bila kifuko hicho. Maoni yetu ni kwamba anaweza, ila kwa sharti moja ambalo wengi hawataki kulisikia.

Si jambo geni

Siku hizi Ulaya kuna maduka ambayo mteja huja na chupa na makopo yake, anapimiwa mchele, dengu, sabuni na mafuta, analipa kwa uzito na kuondoka bila kifungashio. Magazeti ya huko huyaandika kama uvumbuzi. Sisi tuliokulia pwani tunajua kwamba hayo ni maduka ya babu zetu. Vibaba viwili ni kisaga, visaga viwili ni pishi, na mnunuzi alikuja na kikapu chake cha ukindu na chupa yake ya mafuta. Hakuna aliyeita jambo hilo utunzaji wa mazingira. Liliitwa kwenda sokoni.

Hata leo mtindo huo haujafa. Ukienda Tandale utakuta mchele na maharage yamemwagwa juu ya magunia yaliyokunjwa midomo. Kariakoo, Buguruni, Tandika, kote bidhaa za kupima zipo. Mtungi wa gesi tunaurudisha mtupu na kuchukua uliojaa. Soda ya chupa ya kioo tunainywea pale pale dukani, na ukitaka kuondoka na chupa unaacha pesa ya chupa. Mwenye duka anazihesabu chupa tupu kwenye kreti kama anavyohesabu fedha, kwa sababu ni fedha.

Kwa hiyo tusijidanganye kwamba Mtanzania hawezi kurudisha chombo. Anarudisha chombo chochote chenye thamani, na kisicho na thamani anakitupa. Ndiyo maana waokota chupa wa Dar es Salaam huokota chupa za maji, ambazo zina mnunuzi wa kilo, lakini vipakiti vya sabuni na vifuko vya sukari huvipita kama havipo. Hivyo havina soko. Mwisho wake ni dampo la Pugu Kinyamwezi vikibahatika kuzolewa, na visipobahatika huishia kwenye mitaro inayoelekea Mto Msimbazi.

Sheria iligusa mfuko, haikugusa pakiti

Wafanyabiashara wanaikumbuka Juni 1, 2019, siku mifuko ya plastiki ya kubebea bidhaa ilipopigwa marufuku Tanzania Bara. Rwanda ilikuwa imeshachukua hatua hiyo mwaka 2008, na Kenya Agosti 28, 2017. Wako waliosema marufuku yetu haitadumu mwezi. Ilidumu. Mifuko ya bure ilitoweka madukani, mifuko mbadala ikaingia, na mteja aliyezoea kupewa mfuko akaanza kuununua au kuja na kapu lake.

Hata hivyo kanuni zile ziliacha mlango kwa vifungashio vya bidhaa zinazosindikwa viwandani. Jambo hilo lina maana yake, kwani huwezi kuuza maziwa kwenye kikapu. Lakini mlango huo baadhi ya watu waliugeuza lango. Vifuko laini vya kufungashia vikaanza kutumika kubebea nyanya na vitunguu, hadi mwaka 2021 serikali ikalazimika kutoa tamko la kuvizuia. Ukipita sokoni leo bado utaviona.

Mfanyabiashara mwenye busara asome alama hizo. Machi 1, 2017 pombe ya viroba ilipigwa marufuku, na waliokuwa wamejaza ghala walibaki na mzigo. Miaka miwili baadaye ikaja zamu ya mifuko. Hatusemi kwamba kesho itakuja zamu ya vipakiti vya sabuni, hilo hatulijui. Tunachosema ni kwamba anayeweka mtaji wake wote kwenye bidhaa za pakiti ndogo ameegemea ukuta ambao umeshatikiswa mara mbili.

Maskini hununua ghali

Sasa tuangalie mfuko wa mteja. Bei tutakazotumia ni za mfano wa hesabu tu. Msomaji aweke za mtaani kwake.

Tuseme sabuni ya unga ya kilo moja inauzwa sh. 5,000, na kipakiti cha gramu 50 cha sabuni hiyo hiyo kinauzwa sh. 300. Vipakiti 20 vinatimiza kilo. Mara sh. 300, ni sh. 6,000. Mwenye sh. 5,000 mkononi ameokoa sh. 1,000, na yule anayelipwa kwa kutwa, ambaye leo ana sh. 300 tu, amelipa sh. 1,000 zaidi kwa sabuni ile ile. Sehemu ya fedha hizo imekwenda kwenye karatasi ya plastiki yenye rangi nzuri ambayo ataitupa baada ya kufua.

Mteja huyo si mjinga. Ananunua kidogo kwa sababu anapata kidogo. Ukimpimia gramu 50 kwa bei ya kilo atalipa sh. 250, na sh. 50 inabaki mfukoni mwake. Shilingi hamsini haionekani kitu mpaka uihesabu kwa mwezi, na kwa sukari, mafuta, chumvi na majani ya chai pamoja. Haba na haba hujaza kibaba. Vivyo hivyo haba na haba hukimaliza.

Huko Santiago, mji mkuu wa Chile, kijana mmoja aitwaye José Manuel Moller aliliona jambo hili mapema miaka ya 2010. Alianzisha kampuni aliyoiita Algramo, maana yake "kwa gramu". Hakufungua duka la kifahari. Alipeleka mashine za kupimia mchele, maharage na sabuni katika maduka madogo ya mitaani, yule anayenunua kidogo alipe bei inayokaribia ya anayenunua kingi, na arudishe chombo. Kwa majirani zetu wa Nairobi, mashine za kupimia maziwa zimekuwa kitu cha kawaida mitaani. Mteja anakuja na chupa yake na fedha aliyonayo, mashine inampimia.

Walioanguka na sababu zake

Msomaji mwenye mtaji asikimbilie kuiga Ulaya kabla ya kujua yaliyowakuta wenzetu. London, Catherine Conway alianza mwaka 2006 kwa kibanda sokoni akauita Unpackaged. Baadaye akawa na duka, akalipanua, na duka likafungwa. Berlin lilifunguliwa mwaka 2014 duka la Original Unverpackt kwa michango midogo midogo ya watu wengi, na baada yake maduka ya aina hiyo yakaenea Ujerumani. Kisha ikaja korona, na mwaka 2022 bei za vitu zikapanda baada ya vita vya Ukraine. Mengi yalifungwa.

Kwa nini? Maduka hayo yaliuza zaidi bidhaa za bei ya juu kwa wateja wanaopenda mazingira. Fedha ilipokuwa ngumu, mteja alirudi kwenye duka kubwa la bei rahisi na mapenzi yake ya mazingira akayaacha mlangoni. Ufaransa wamechukua njia nyingine. Sheria yao ya mwaka 2021 inayataka maduka yenye eneo la kuanzia mita za mraba 400 yatenge asilimia 20 ya eneo la mauzo kwa bidhaa za kupima ifikapo mwaka 2030. Maana yake wanataka bidhaa hizo ziwe pale pale anaponunua kila mtu.

Funzo kwetu ni jepesi. Usifungue duka la mazingira. Boresha duka lililopo, uza kwa bei isiyozidi ya pakiti, na mazingira yatafuata yenyewe.

Hapa ndipo penye tatizo

Kama kupima ni rahisi zaidi na ni desturi yetu, mbona wateja wanaihama? Mbona mama mwenye uwezo kidogo anapita kwenye gunia la unga na kuchukua pakiti?

Mwandishi wa safu hii alipata jibu nyumbani kwake. Jumamosi moja nilinunua sokoni kilo tano za maharage kwa muuzaji ambaye tulitaniana vizuri na akaniongezea konzi moja ya "nyongeza". Nilifika nyumbani nikijisifu kwamba nimenunua kwa bei nzuri na bila mfuko. Mama watoto hakusema neno. Akatoa mizani yake ndogo ya kupimia unga wa keki, akapima kidogo kidogo hadi yakaisha. Ilikuwa kilo nne na robo, pamoja na nyongeza yangu. Akaniambia, "Baba, ndiyo maana mimi nanunua pakiti. Pakiti hainitanii."

Maneno hayo yana uchumi ndani yake kuliko semina nyingi. Kiwanda hakiuzi plastiki tu. Kinauza ahadi iliyochapishwa: gramu 500, tarehe ya kutengenezwa, tarehe ya kuisha, alama ya ubora. Mteja anailipia plastiki kwa sababu haiamini mizani ya muuzaji. Kwa lugha nyingine, taka zilizojaa mitaroni kwetu kwa sehemu ni bei ya udanganyifu wa vipimo.

Na mbinu za udanganyifu tunazijua. Kopo limepondwa kitako. Kisado kimewekewa kitu chini. Mizani imeelekezewa upande wa muuzaji. Mafuta ya kula yamechanganywa na ya bei ya chini. Juu ya yote, mtindo wetu wa kununua kwa fedha badala ya uzito, "sukari ya mia tano", unampa muuzaji kichaka cha kujificha. Mwanzoni mwa mwaka 2024 sukari ilipoadimika na bei kupaa, sukari ya mia tano haikuacha kuitwa ya mia tano. Kilichopungua ni kijiko. Mtoto aliyetumwa hawezi kuuliza ni gramu ngapi, na mama yake nyumbani hana njia ya kujua.

Sheria ipo. Wakala wa Vipimo huhakiki mizani za biashara kila mwaka na kubandika stika, na mara kwa mara wamekemea lumbesa na matumizi ya visado na makopo badala ya mizani. Lakini mkaguzi hawezi kukaa kila genge. Soko haliwezi kujengwa kwa hofu ya mkaguzi peke yake. Linajengwa muuzaji anapogundua kwamba uaminifu unamlipa.

Hesabu ya gunia

Je, unamlipa kweli? Tuweke namba, tena za mfano.

Tuseme umenunua gunia la mchele la kilo 100 kwa sh. 2,400 kilo, yaani sh. 240,000, na usafiri na upakuaji sh. 6,000. Gunia limefika dukani kwa sh. 246,000. Unauza kilo sh. 2,800. Ungeuza kilo zote 100 ungepata sh. 280,000, faida ya sh. 34,000 kabla ya pango, ushuru na umeme.

Lakini kilo zote 100 haziuziki. Punje zinamwagika, chenga zinabaki chini, mkono unazidisha hapa na pale. Tukitoa kilo tatu, umepoteza sh. 8,400, karibu robo ya faida yako. Inabaki sh. 25,600. Hapo ndipo shetani anapomnong'oneza muuzaji apunguze gramu 50 kila kilo. Akifanya hivyo, kilo zake 97 ataziuza kama kilo 102, na atajipatia karibu sh. 14,300 za haramu kwa gunia.

Sasa weka upande wa pili mteja mmoja anayenunua kilo 10 kwa mwezi. Kwa faida ya sh. 256 kwa kila kilo, mteja huyo anakuletea sh. 2,560 kwa mwezi, sh. 30,720 kwa mwaka. Huo ni mchele tu. Hatujahesabu sukari na mafuta anayochukua safari hiyo hiyo. Ukimpoteza mmoja kwa sababu amepima nyumbani, umepoteza zaidi ya ulichoiba kwenye magunia mawili. Na akina mama huzungumza. Anayehama hahami peke yake.

Kwa hiyo fedha ya kuziba lile pengo la kilo tatu isitafutwe kwenye mizani. Itafutwe kwenye vyombo. Pipa lenye mfuniko na kijiko kirefu humwaga kidogo kuliko gunia lililofunguliwa mdomo sakafuni. Uliyemwaga kilo tatu ukamwaga moja, umerudisha sh. 5,600 kwenye gunia lile lile, halali kabisa.

Aanze vipi?

Kwa mwenye duka tayari, tunashauri hivi.

Kwanza, mizani. Nunua ya kidijitali yenye kioo pande zote mbili, ihakikiwe, na stika ikae pale mteja anapoiona. Mteja akija na chombo chake, kipime kitupu kwanza, kisha mizani irudi sifuri mbele ya macho yake. Asilipie uzito wa chupa yake.

Pili, ubao wa bei kwa kilo. Uandike pia robo na nusu robo ni shilingi ngapi. Mtoto akiagiza sukari ya mia tano, mwambie ni gramu ngapi, na umwandikie kwenye kipande cha karatasi ampelekee mama yake. Kikaratasi hicho ni tangazo lisilo na gharama.

Tatu, chagua bidhaa. Mchele, maharage, choroko, kunde, dengu, sukari na viungo vikavu vinavumilia kupimwa. Sabuni ya maji pia inafaa, na chombo chake hurudi bila shida. Unga uuze ule unaokwisha mapema, kwani ukikaa huingia wadudu. Mahindi na karanga ziwe kavu sawasawa. Sumukuvu si jambo la mzaha, iliua watu Dodoma na Manyara mwaka 2016. Chumvi ikikaa wazi kwenye unyevu hupoteza madini joto. Mafuta ya kula yaliyoongezwa vitamini A huipoteza yakipigwa na mwanga, kwa hiyo yasikae kwenye chupa nyeupe juani ili kuvutia macho. Bidhaa ambayo huwezi kuilinda, iache kwenye pakiti yake. Si dhambi.

Nne, tumia utaratibu wa chupa ya soda. Asiye na chombo muuzie kopo au chupa yenye mfuniko kwa amana, akirudisha mrudishie fedha yake. Chombo chenye thamani hakitupwi.

Tano, daftari. Andika kilo zilizoingia na kilo zilizouzwa kwa kila gunia. Mali bila daftari huisha bila habari, na kwenye bidhaa za kupima huisha upesi zaidi, maana hakuna pakiti za kuhesabu jioni.

Wapo watakaotupinga

Tumeshasikia pingamizi tatu. La kwanza, kupima kunachelewesha, na asubuhi kuna foleni. Ni kweli. Dawa yake ni kupima usiku na kuweka tayari kwenye vifuko vya kaki vya robo na nusu kilo, vyenye uzito na bei vimeandikwa kwa kalamu. Bado ni kifungashio, lakini kinaoza, na mama anaweza kukirudia kwenye mizani yake.

La pili, usafi. Mteja anaogopa mikono ya muuzaji, nzi na vumbi la barabara. Nalo ni kweli, na anayetaka kuuza kwa kupima bila mifuniko na bila kunawa asilaumu pakiti zikimshinda.

La tatu ndilo zito. Wasambazaji wa bidhaa za pakiti humpa mwenye duka mzigo kwa mkopo, humpaka ukuta rangi, humletea mwavuli na friji. Muuza gunia la Tandale anataka fedha taslimu. Hapa mtu mmoja mmoja hawezi kushindana. Wenye maduka watano au sita wa mtaa mmoja wakinunua pamoja, wanaweza kuchukua mzigo wa jumla kwa bei nafuu na kugawana nauli. Vikundi vya kuweka na kukopa viko kila kona ya jiji hili; vimezoea kukopeshana kwa harusi na ada za shule. Gunia la maharage nalo linakopesheka, tena linarudi na faida ndani ya mwezi.

Kwa mwekezaji mdogo asiye na duka, tusimpotoshe. Hatuoni faida ya haraka katika kufungua duka jipya la kifahari la bidhaa za kupima Masaki au Mikocheni; yaliyotokea Berlin yanatosha. Tunaona nafasi katika vile ambavyo biashara hii inavihitaji: mapipa yenye mifuniko, vifuko vya kaki, makopo ya amana, na usambazaji wa sabuni ya maji kwa madumu yanayorudi. Hivyo vina mnunuzi mtaani leo.

Nayo halmashauri zinazotoza kila nyumba ada ya taka zijiulize swali la kibiashara: ni rahisi kusomba kifuko kutoka mtaroni, au kumwezesha Mangi asikitoe? Siku moja ya kuhakiki mizani kwenye kila soko dogo, kwa ratiba inayojulikana na kwa gharama ambayo mwenye genge anaimudu, ingepunguza taka kuliko mabango mengi ya usafi.

Mwandishi wa safu hii amerudi kwa yule muuzaji wa maharage. Sikwenda kugombana, biashara haigombi. Nilimwomba apime kilo tano kwenye mizani ya jirani yake. Akacheka, akapima upya, akaongeza bila kuambiwa. Safari ya tatu nilimkuta ameshanunua mizani yake. Sasa mama watoto ndiye anayekwenda mwenyewe, na kapu lake mkononi. Bado anapima akifika nyumbani.